Jeraha la Mwezi wa Tatu na Jeraha la Mwezi wa Sita

Mwaka 1939 daktari kijana wa upasuaji mjini Boston, Marekani, John Crandon, aliacha kabisa kula chakula chenye vitamini C. Hakuwa mgonjwa. Yeye na mkuu wake, Charles Lund, walikuwa na swali lililotoka wodini. Wagonjwa wengi wa upasuaji walipopimwa walikutwa na vitamini C kidogo mno katika damu, na miongoni mwao walikuwapo ambao mishono yao ilifumuka. Je, upungufu huo ndio uliozuia majeraha kufunga, au ni mambo mawili yaliyokutana tu ndani ya mwili uliodhoofika? Simbilisi wa maabara walikuwa wamejibu mengi kuhusu kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa vitamini C, lakini mwili wa simbilisi si mwili wa mtu. Crandon akautoa wake. Alikula mkate, jibini, mayai na vyakula vya aina hiyo, bila matunda wala mboga, akajiongezea vitamini nyingine zilizojulikana wakati ule ili kinachopungua kiwe kimoja tu.

Matokeo yalichapishwa 1940, Crandon na Lund wakiwa pamoja na mwanafiziolojia D. B. Dill. Tangu hapo kisa hiki hutajwa karibu kila mahali kiseyeye kinapofundishwa, na kwa kawaida hutajwa kwa ufupi sana: aliacha vitamini C, jeraha likakataa kupona, akapewa vitamini C, likapona. Ni kweli. Ila maelezo hayo yanaruka jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote: Crandon alichanwa mara mbili, si mara moja.

Tuufuate mwili wake kwa mpangilio wa siku. Kufikia siku ya 41, plazima yake, yaani sehemu ya majimaji ya damu, haikuwa tena na vitamini C inayoweza kupimika. Sifuri. Chembe nyeupe za damu na chembe sahani ziliendelea kushikilia akiba yao kwa wiki kadhaa zaidi, nazo zikaisha polepole. Mwezi wa tatu akachanwa mgongoni kwa kisu cha upasuaji, akashonwa. Wakati huo plazima yake ilikuwa tupu kwa zaidi ya mwezi mzima. Jeraha likafunga vizuri, na kipande cha nyama kilichokatwa mahali hapo na kutazamwa kwa hadubini kilionyesha uponaji wa kawaida kabisa.

Kisha mambo yakaharibika. Baada ya takriban miezi minne na nusu, ngozi yake ilianza kutoa vipele vigumu penye vinyweleo. Siku ya 161 vidoa vya damu vilitokea kuzunguka vinyweleo vya miguu, dalili ambayo daktari yeyote aliyesoma kuhusu kiseyeye angeitambua. Alichoka haraka kupita kiasi na alikuwa amepungua zaidi ya kilo 10. Mwezi wa sita akachanwa tena. Siku kumi baadaye tabaka la juu la ngozi lilikuwa limeungana, hata mtu asiyejua angedhani jeraha limepona. Chini ya ngozi hiyo hapakuwa na kovu. Palikuwa na bonge la damu lisilojipanga, kana kwamba mwili haukupata habari kwamba kuna kazi ya kufanya. Ndipo alipoanza kupewa gramu moja ya vitamini C kwa siku kupitia mshipa. Siku kumi nyingine zilipopita, kipande kipya cha nyama kilionyesha kovu changa lenye nyuzi tele.

Mwili ulikuwa mmoja, chakula kilekile, na plazima sifuri mara zote mbili. Kwa nini jeraha la kwanza lilifunga na la pili likagoma?

Mtu akichukulia vitamini C kuwa tofali la kujengea kovu, swali hili halina jibu. Tofali likikosekana, ukuta haujengwi, iwe mwezi wa tatu au wa sita. Jibu linaanza kuonekana pale tunapokubali kwamba vitamini C haiingii ndani ya kovu hata kidogo. Kazi yake iko kwenye kimeng'enya, protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli.

Ndani ya seli inayojenga kovu

Kovu ni kolajeni. Seli ziitwazo faibroblasti huingia kwenye jeraha na kutoa nyuzi za protini hiyo, na uimara wa kovu hutegemea uimara wa nyuzi. Kila molekuli ya kolajeni ya kawaida ya ngozi na mfupa ni msuko wa minyororo mitatu. Kila mnyororo una asidi amino karibu 1,000, na kila ya tatu ni glisini, iliyo ndogo kuliko asidi amino zote, kwa sababu katikati ya msuko hakuna nafasi ya kitu kingine. Sehemu kubwa ya zinazobaki ni prolini.

Msuko huo peke yake ni dhaifu. Kolajeni ambayo prolini zake zimeachwa kama zilivyo hufumuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi za selsiasi. Mwili wa binadamu una nyuzi 37. Maana yake ni kwamba kolajeni isiyokamilishwa haiwezi kusimama ndani ya mtu aliye hai. Minyororo yake inabaki imelegea, haisukiki. Ili isukike, prolini karibu 100 katika kila mnyororo lazima ziongezewe atomu moja ya oksijeni na kuwa hidroksiprolini. Baada ya hapo kiwango cha kufumuka kinapanda hadi karibu nyuzi 39, yaani juu kidogo tu ya joto la mwili. Ninaposoma takwimu hizo huwa nashangaa jinsi pengo lilivyo dogo: afya ya ngozi, mishipa na mifupa yetu inaning'inia kwenye nyuzi mbili tatu za joto, na nyuzi hizo zinalipiwa na atomu moja ya oksijeni kwa kila prolini.

Anayeiweka atomu hiyo ni kimeng'enya kiitwacho prolili hidroksilesi. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 ilionyeshwa kwamba oksijeni inayoingia kwenye hidroksiprolini inatoka kwenye hewa tunayovuta, haitoki kwenye maji ya seli. Miaka michache baadaye, katika maabara ya Sidney Udenfriend nchini Marekani, mahitaji ya kimeng'enya yakaorodheshwa: oksijeni, atomu ya chuma iliyo katika hali ya chaji mbili, oksoglutareti, ambayo ni zao la kawaida la uchomaji wa chakula ndani ya seli, na asidi ya askobiki, yaani vitamini C. Kwa kila prolini, molekuli moja ya oksijeni inagawanywa. Atomu moja inakwenda kwenye prolini, ya pili inakwenda kwenye oksoglutareti, nayo inavunjika kuwa suksineti na kaboni dayoksaidi.

Angalia vizuri hesabu hiyo. Oksijeni imetumika, oksoglutareti imetumika, prolini imebadilika. Vitamini C haimo. Katika mzunguko wa kawaida wa kimeng'enya hailiwi kabisa.

Hapo ndipo kikundi cha Kari Kivirikko mjini Oulu, Ufini, kilipotoa mchango ninaouona kuwa ufunguo wa kisa cha Crandon. Mwaka 1978 walionyesha kwamba kimeng'enya kikinyimwa vitamini C hakisimami papo hapo. Kinafanya kazi kwa kasi yake kamili kwa sekunde chache, kikizunguka kati ya mara 15 na 30 hivi, kisha kinapungua na kuzima. Sababu yake ni kwamba mara mojamoja kinakosea. Kinavunja oksoglutareti bila kugusa prolini, na katika mzunguko huo mtupu chuma chake kinapoteza elektroni na kukwama katika hali ya chaji tatu. Chuma kilichokwama hakiwezi kushika oksijeni tena. Vitamini C ndiyo inayorudisha elektroni na kukikwamua. Kazi ya baadaye ya kikundi hichohicho, iliyochapishwa 1984, ilithibitisha kwamba katika mizunguko hiyo mitupu vitamini C inatumika kwa uwiano kamili, molekuli moja kwa kila mzunguko mtupu.

Kwa hiyo vitamini C ni ya dharura. Inahitajika tu kimeng'enya kinapokwama, na kimeng'enya hakikwami kila mara. Hitaji la seli linategemea kiasi cha kazi. Seli isiyojenga kolajeni nyingi inakwama mara chache na inaweza kuishi na vitamini C kidogo sana. Seli iliyoingia kwenye jeraha jipya, inayotoa minyororo kwa maelfu, kila mmoja ukiwa na prolini 100 za kubadilishwa, inakwama mara nyingi kwa saa moja.

Kuna jambo la pili la kemia lisiloacha nafasi ya kurudi nyuma. Prolili hidroksilesi inafanya kazi kwenye mnyororo ulio wazi tu. Minyororo mitatu ikishajisuka, kimeng'enya hakiwezi tena kuifikia. Kazi yote lazima ifanyike wakati mnyororo bado unatengenezwa au mara tu baada yake, ndani ya seli, kabla haujatolewa nje. Mnyororo ambao haukukamilika haujisuki; seli inaushikilia, inachelewa kuutoa, na mwishowe inauvunja. Ndiyo maana chini ya ngozi ya Crandon hapakuwa na kovu bovu. Hapakuwa na kovu. Na ndiyo maana vilevile haisaidii kula hidroksiprolini iliyo tayari: mwaka 1949 mwanakemia Marjorie Stetten alilisha panya hidroksiprolini iliyowekewa alama na kukuta kwamba karibu yote haikuingia kwenye kolajeni. Kiwanda cha protini cha seli hakina nafasi ya kuipokea. Prolini inaingia kwanza, na kubadilishwa kunafuata. Wanaonunua unga wa kolajeni kwa kuamini kwamba hidroksiprolini yake itakwenda moja kwa moja kwenye ngozi wangefaa kuujua ukweli huu wa zaidi ya miaka 70.

Kwa nini la kwanza lilifunga

Sasa turudi mwezi wa tatu. Plazima ni sifuri, lakini plazima ni barabara tu, ghala liko kwingine. Seli nyingi huvuta vitamini C kutoka kwenye damu, hata zikiwa tayari na nyingi kuliko damu, na kuilimbikiza ndani kwa viwango vya juu mara nyingi kuliko vya plazima. Kimeng'enya chenyewe hufanya kazi kwa nusu ya kasi yake kwenye takriban milimola 0.3 za vitamini C kwa lita, kiwango ambacho plazima ya mtu mwenye afya haikifikii lakini ndani ya seli kinapatikana kwa urahisi. Plazima inapokauka, tishu hazijakauka. Zinaanza kukauka.

Utafiti uliofanywa baadaye nchini Marekani na kikundi cha Robert Hodges, kwa vitamini C iliyowekewa alama ya mionzi, uliukadiria mwili wa mtu mzima aliyeshiba vitamini hiyo kuwa na takriban miligramu 1,500, akipoteza karibu asilimia 3 ya akiba kwa siku, na dalili za kiseyeye zikitokea akiba inaposhuka chini ya miligramu 300 hivi. Kupungua kwa asilimia, tofauti na kupungua kwa kiasi kilekile kila siku, kuna tabia ya kujivuta: kadiri akiba inavyokuwa ndogo ndivyo upotevu wa kila siku unavyokuwa mdogo. Mwili wa Crandon mwezi wa tatu ulikuwa maskini, lakini haukuwa mtupu. Na kwa kimeng'enya kinachohitaji vitamini C ya kukwamua tu, umaskini huo ulitosha kujenga kovu moja dogo.

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita kiasi hicho cha mwisho kikaisha. Hakuna kilichobadilika kwenye kipimo cha plazima, kwa sababu sifuri haiwezi kushuka. Kilichobadilika kiko ndani ya seli ambako kipimo hicho hakioni. Nadhani hili ndilo somo la kitabibu ambalo Lund na Crandon walilipata bila kuwa na kemia ya kulieleza, nao walilisema wazi: damu tupu peke yake si ushahidi kwamba jeraha halitapona. Lazima upungufu uwe umedumu. Kwa wodi iliyojaa wagonjwa wenye vipimo vya chini, jibu hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Lilimwondolea daktari kisingizio cha kulaumu vitamini kwa kila mshono uliofumuka, na papo hapo likamwonya kuhusu yule mgonjwa mmoja ambaye upungufu wake ni wa miezi mingi.

Pingamizi ambalo halipaswi kufichwa

Ningeishia hapo kama maelezo hayo yangekuwa yamekamilika, lakini kuna kazi ya miaka ya 1980 hadi 1991, hasa ya Beverly Peterkofsky, ambayo inamlazimu mtu kufikiri upya. Alichunguza simbilisi walionyimwa vitamini C. Simbilisi, kama sisi, hawana kimeng'enya cha kutengeneza vitamini C yao wenyewe. Akakuta awamu mbili. Katika awamu ya kwanza mnyama hakukonda, na ubadilishaji wa prolini ulishuka kidogo tu. Katika awamu ya pili mnyama alianza kupoteza uzito, na hapo utengenezaji wa kolajeni ukaporomoka, ukienda sambamba na kukonda kuliko kwenda na kiwango cha hidroksiprolini. Simbilisi waliopewa vitamini C lakini wakanyimwa chakula walionyesha poromoko linalofanana. Katika damu ya wanyama hao kulikuwa na protini zinazoikamata homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1 na kuizuia isifikie seli. Kwa maneno mengine, faibroblasti haikukwama tu kwenye kazi yake. Iliambiwa isiianze.

Na Crandon alikuwa amepungua zaidi ya kilo 10.

Utafiti mwingine, uliochapishwa 2006, unaongeza mashaka: panya waliobadilishwa jeni wasiweze kutengeneza vitamini C waliendelea kutengeneza kolajeni hata waliponyimwa. Inaonekana ndani ya seli kuna vikwamuzi vingine vya chuma, dhaifu kuliko vitamini C lakini vinavyotosha kazi ya kila siku.

Je, basi jeraha la mwezi wa sita lilishindwa kwa sababu ya kimeng'enya au kwa sababu ya njaa? Msimamo wangu ni kwamba maelezo ya kukonda hayatoshi peke yake, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni kasi. Siku kumi za sindano zilitosha kuleta nyuzi tele mahali ambapo siku kumi kabla hapakuwa na kitu. Mtu aliyepoteza zaidi ya kilo 10 hazirudishi kwa siku kumi. Inawezekana hamu ya kula ilirudi mapema na IGF-1 ikafunguliwa kabla uzito haujarudi, hilo nalikubali. Lakini kasi hiyo inafaa zaidi kwa kimeng'enya kilichokuwapo tayari, kimekaa kimekwama, kikisubiri elektroni. Ya pili ni ngozi ya juu. Tabaka lile liliungana vizuri. Seli zake ziligawanyika, zikahama, zikafunika jeraha, kazi inayohitaji chakula na homoni za ukuaji pia. Kilichokosekana ni kile kinachohitaji hidroksiprolini.

Hata hivyo, simbilisi wa Peterkofsky wananifanya niamini kwamba mikono miwili ilikuwa kwenye shingo moja. Amri ya kujenga ilikuwa imedhoofika, na wachache waliotii amri hiyo walikuta mashine imekwama. Katika jeraha, mambo haya yanazidishana.

Kovu la nusu karne

Hapa siwezi kuacha kutaja tukio la zamani zaidi, kwa kuwa linagusa upande wa pili wa suala hili. Katika safari ya meli za Uingereza chini ya George Anson, kati ya 1740 na 1744, kiseyeye kiliua mabaharia wengi mno. Miongoni mwao alikuwapo mzee aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne, mwaka 1690. Majeraha yake yalikuwa yamepona kwa miaka karibu 50. Kiseyeye kilipomshika yalifunguka upya kana kwamba hayajawahi kupona, na mfupa wake uliokuwa umevunjika na kuunga ukaachana tena.

Kovu, basi, si kitu kilichomalizika. Kolajeni yake inavunjwa na kujengwa upya maisha yote, kwa kasi zaidi kuliko ya ngozi isiyowahi kujeruhiwa. Kuvunja hakuhitaji vitamini C. Kujenga kunahitaji. Kimeng'enya kikikwama kwa muda wa kutosha, upande mmoja wa mizani unaendelea na upande wa pili umesimama, na kovu la nusu karne linayeyuka.

Kukikwamisha kwa makusudi

Kemia hii ina upande ambao Crandon hakuwa na haja nao lakini madaktari wa leo wanao. Ini lenye sirosisi na pafu lenye faibrosisi ni viungo vinavyokufa kwa kovu. Huko tungependa kimeng'enya kikwame. Kila hitaji lake ni mlango. Zinki inaweza kukaa mahali pa chuma. Kiwanja kinachofanana na oksoglutareti, kama asidi ya piridini dikaboksiliki, kinaweza kuchukua nafasi yake na kukifunga. Suksineti, zao la kimeng'enya chenyewe, ikijaa inakizuia.

Tatizo ni ndugu zake. Mwili wa binadamu una vimeng'enya zaidi ya 60 vinavyotumia chuma na oksoglutareti kwa namna hiyohiyo. Baadhi yao hupima oksijeni: huiwekea protini ya HIF, inayoamsha mwili kukabili uhaba wa oksijeni, alama ya kuvunjwa oksijeni inapotosha, na kuiacha inapopungua. Kikundi cha Oulu kilionyesha mwaka 2003 kwamba vimeng'enya hivyo vya HIF vinahitaji oksijeni nyingi zaidi kufikia nusu ya kasi yao, takriban mikromola 230 hadi 250 kwa lita, wakati kile cha kolajeni kinatosheka na 40 hivi. Mimi naliona hilo kuwa la busara kubwa katika mwili: jeraha lina oksijeni kidogo kwa sababu mishipa imekatwa, na kimeng'enya cha kovu kimejengwa kufanya kazi katika uhaba huo huku ndugu zake wakipiga kengele. Lakini kwa mtengeneza dawa ni balaa, maana dawa inayoziba nafasi ya oksoglutareti inaweza kuvigusa vimeng'enya vingi kwa pamoja. Waliofanikiwa ni waliolenga upande wa HIF, kwa ajili ya upungufu wa damu wa wagonjwa wa figo. Mojawapo ya dawa hizo, roksadustati, iliidhinishwa kwanza China mwaka 2018. Upande wa kovu bado unasubiri.

Si kila molekuli ya tishu unganishi inadhibitiwa kwa njia hii. Haluroniki, sukari ndefu inayojaza nafasi kati ya nyuzi, inajengwa na kimeng'enya kisichohitaji vitamini C, nacho kinaweza kusimamishwa kwa kunyimwa malighafi. Dawa ya nyongo iitwayo haimekromoni inapofungwa asidi ya glukuroniki na mwili ili itolewe nje, inamaliza akiba ya sukari hiyo ambayo haluroniki ingejengwa kwayo. Huko tofali kweli linakosekana. Kwa Crandon tofali zilikuwapo wakati wote: prolini, oksijeni, oksoglutareti, chuma. Nani awaambie wanafunzi kwamba hizi ni aina mbili za upungufu, na kwamba tiba zake hazifanani? Anayekosa malighafi anajazwa polepole kwa kadiri anavyojenga. Anayekosa kikwamuzi anaamka kwa kiasi kidogo cha ajabu: katika jaribio la Sheffield, Uingereza, wakati wa vita vya pili vya dunia, watu 10 walinyimwa vitamini C kabisa na wote 10 wakapata kiseyeye, wakati 7 waliopewa miligramu 10 tu kwa siku hawakukipata.

Vipande vya nyama vya Crandon vilitazamwa kwa hadubini ya 1940, zaidi ya miaka 20 kabla kimeng'enya hakijatambuliwa, kwa hiyo vinatuonyesha nyuzi zilizopo na zisizokuwapo, basi. Kipimo ambacho kingetenganisha kukwama na njaa ni uwiano wa hidroksiprolini na prolini ndani ya minyororo mipya ya jeraha. Uwiano ukishuka, kosa liko kwenye kimeng'enya. Ukibaki wa kawaida huku kolajeni yote ikiwa kidogo, kosa liko kwenye amri ya kujenga. Kinahitaji kipande kidogo cha nyama na mashine ya kupima uzito wa molekuli, na hakuna sababu ya kumnyima mtu vitamini C kwa miezi sita ili kukipata. Wagonjwa wenye vidonda visivyofunga na vitamini C ya chini wapo tayari wodini. Wanapoanza kutibiwa, vipande viwili, kimoja kabla na kimoja siku kumi baada ya dozi ya kwanza, pamoja na uzito wao na IGF-1 yao, vingetosha kulijibu swali ambalo mgongo mmoja wa mwaka 1940 uliliacha nusu.